Sekunde Kumi na Tatu za Gari Tupu

Somoe mwanangu,

Nakuandikia nikiwa barazani, saa nane mchana. Umekwenda sokoni na mama yako mdogo kutafuta kufuli la begi, na kwa ninavyowajua nyie wawili mkianza kubishana na muuzaji hamrudi kabla ya saa kumi. Kwa hiyo nina saa mbili. Habari za kula, kulala, kuchagua marafiki na kuanika nguo chuoni mama yako ameshakueleza mara tatu, na mara ya tatu ulikuwa unaitikia huku umesinzia. Hapo sina la kuongeza.

Langu mimi ni jingine. Nitalisema kwanza, maelezo yafuate, maana nikianza na maelezo nitajipendelea. Siku ile mama yako alipovunjika nyonga kwenye mlima wa kupandia Newala, gari halikufeli breki. Breki zilikuwa nzima. Nilidanganya mimi, na nimeendelea kudanganya miaka minane. Kesho unapanda basi kwenda kusomea magari kwa sababu ya uongo huo, na Fundi Hashimu, mzee wa watu, amepoteza jina lake kwa sababu hiyo hiyo.

Ukitaka kuichana barua hii, ichane, ila umalize kwanza kuisoma.

Unaikumbuka ile pikapu yetu nyeupe. Ilikuja na kitabu chake, na ndani ya kitabu imeandikwa kwamba injini ina nguvu za farasi mia moja na tano. Sijawahi kukariri kitu shuleni kama nilivyokariri ukurasa ule. Mtu akiniuliza habari za asubuhi, kabla hatujaachana ameshajua idadi ya farasi wangu. Na si mimi peke yangu niliyekuwa na ugonjwa huo. Madereva wote wa stendi ya Masasi siku zile tulikuwa na mchezo wa kupima magari. Tunakwenda kwenye kipande cha lami kilichonyooka nje ya mji, mmoja anashika simu ya kuhesabia, mwingine anakanyaga mafuta kutoka kusimama hadi mshale wa spidi uguse mia. Muda utakaopata ndiyo heshima yako pale stendi.

Mimi nilipata sekunde kumi na tatu. Wakaniita Kumi na Tatu. Hata mwalimu wako wa darasa la nne aliwahi kuniita Baba Kumi na Tatu mbele yako, nikacheka mpaka nikashika ukuta.

Sasa nikwambie nilivyozipata hizo sekunde, maana sijawahi kumwambia mtu. Nilikwenda alfajiri, hewa ikiwa ya baridi na injini inapumua vizuri. Nilitoa tairi ya akiba, nikatoa jeki, nikatoa mpaka mikeka ya chini. Tangi lilikuwa na mafuta ya kunirudisha nyumbani tu. Nilichagua upande ambao barabara inainama kidogo, mwinamo ambao macho hayauoni lakini mpira wa mtoto unauona. Tena nilikuwa nimefunga tairi ndogo kuliko zile za asili. Tairi ndogo huzunguka mara nyingi zaidi kwa mwendo uleule, na ule mshale unahesabu mizunguko, haujui kitu kingine. Uliponionyesha mia, kwa kweli nilikuwa sijafika hata tisini na tano. Yote hayo nilijua, na sikudanganya mtu, kwa sababu hakuna aliyeniuliza.

Aliyeniuliza ni mmoja tu. Fundi Hashimu alikuwa na gereji nyuma ya stendi, chini ya ule mlima wa mawe. Ni mtu mzima kunizidi, mpole, anaongea huku anafuta mikono na kitambaa ambacho ni kichafu kuliko mikono yenyewe. Nilimpelekea habari ya sekunde zangu nikitegemea atanipongeza.

"Ndani ulikuwa na nani?" akauliza.

"Peke yangu."

"Tairi ya akiba?"

"Niliitoa, Fundi."

"Basi umepima gari ambalo huna, Baba Somoe. Siku ukiondoka nalo hivyo kwenda Newala, uniite nije nishangae."

Wenzangu wakacheka, nami nikanuna. Ndipo akanivuta mkono mpaka kwenye ule mnyororo wake wa kunyanyulia injini. Akaniambia kuna watu wanadhani nguvu za farasi ni maneno ya wauza magari, lakini ni kipimo cha kweli kama kilo na mita. Ukinyanyua kilo sabini na tano, ukazipandisha mita moja juu, ndani ya sekunde moja, umefanya kazi ya farasi mmoja. "Basi, imeisha," akasema. "Hakuna mkia wala kwato." Halafu akaniuliza kama najua farasi wangu mia na tano walihesabiwa wapi. Nikasema kwenye gari. Akatikisa kichwa. Akasema mara nyingi injini hufungwa peke yake kwenye mtambo unaoikaba ili ipate mzigo. Wanapima inazungusha kwa nguvu kiasi gani na inazunguka mara ngapi kwa dakika, wanazidisha, wanapata farasi. Lakini kutoka injini mpaka tairi ni safari. Giaboksi inakula wake, difu kule kwenye ekseli inakula wake, beringi nazo zinadokoa. Ukitaka kujua waliofika, unapandisha gari zima juu ya magurudumu ya kupimia na kuhesabu kwenye tairi, na hapo watu wengi huondoka wamenyamaza. Na hata hao waliobaki, akasema, unawapata wote injini ikiwa inalia juu kabisa. Mizunguko ikiwa chini, wengi wao wamelala.

Nilimsikiliza, lakini kusikiliza kwangu siku zile kulikuwa kumsubiri mtu amalize ili niongee mimi.

Inanichosha kukumbuka hili, Somoe. Elimu yote utakayokwenda kuitafuta mimi nilipewa bure, nimesimama kwenye kivuli cha gereji, tena na mtu niliyekuja kumzika akiwa hai.

Mwaka wa ajali wewe ulikuwa na miaka kumi na moja. Binti wa dada yangu kule Chilangala alikuwa anatoka unyago. Kwetu njomba, yaani kaka wa mama, si mgeni wa kukaa kwenye kiti na kupewa soda. Mwali akitoka, watu wanaangalia njomba wake amekuja na nini. Na mwaka ule pampu zilikuwa zimeharibika, uwanda wote wa juu hauna maji, mvua bado. Dada yangu akanipigia simu, akasema, "Kaka, nguo tunazo, ngoma tunazo, mchele tunao. Maji ndiyo hatuna. Usiniaibishe."

Unajua mimi nimekulia wapi. Bibi yako, mama yangu, alikuwa anashuka bondeni upande wa Kitangari alfajiri na kupanda na ndoo kichwani, na jua linamkuta njiani. Siku moja, baada ya Fundi Hashimu kunifundisha, nilikaa nikapiga hesabu ya bibi yako: uzito wake, uzito wa ndoo, urefu wa kilima, na muda aliotumia kupanda. Haikufika hata sehemu moja ya kumi ya farasi mmoja. Nyumba nzima, watoto sita, tulikunywa, tulipika na tukaoga kwa nguvu hiyo. Nilipoona jibu nililia, sikukuambia. Lakini machozi hayo hayakunifanya niwe na akili.

Nilipakia mapipa matano. Hayakuwa na vifuniko vya kubana, na maji siku zile kumwaga ni dhambi, kwa hiyo sikuyajaza mpaka juu. Nilijaza kila pipa robo tatu ili yasimwagike mlimani. Nikajiona mwerevu sana. Bibi yako akiwa na ndoo alitandaza majani juu ya maji ili yatulie yasimchezee kichwani. Nimeyaona majani yale kila siku ya utoto wangu. Mimi mwanawe, dereva, mwenye kitabu cha injini, nikapakia maji yenye nafasi ya kutembea, yenye uzito wa watu wazima kumi, na wala sikukata hata tawi moja.

Mama yako alikaa mbele, amevaa kitenge kipya. Wewe ulibaki kwa mama yako mdogo kwa sababu ya shule, na kwa hilo namshukuru Mungu mpaka leo. Tulipoanza kupanda mlima tukakuta mbele lori la simenti linatambaa, moshi wote unaingia kwetu. Tukalifuata muda mrefu. Nilikuwa nimechelewa na simu ya dada inalia.

"Mwache atangulie," mama yako akasema. "Ngoma haitakimbia."

"Sekunde saba tu, Mama Somoe."

Hizo saba nilikuwa nimezipima pia: kutoka arobaini hadi themanini. Nilizipima palepale kwenye lami yangu, alfajiri, peke yangu, tairi ya akiba iko nyumbani.

Barabara ilinyooka kidogo kabla ya kona. Nikatoka kulia, gia ya tatu, mafuta mpaka chini. Injini ililia sana, lakini gari halikwenda. Maji yalirudi nyuma yote kwa pamoja, nikasikia gari limevutwa mkia. Nilikuwa nahesabu kweli, kwa mdomo. Nilipofika saba nilikuwa bado natazamana na tairi za nyuma za lori. Nilipofika kumi nilikuwa katikati yake. Ningeweza kurudi nyuma pale, nafasi ilikuwepo. Sikurudi, kwa sababu nilikuwa Kumi na Tatu, nikaona bado zimebaki tatu. Ndipo lori jingine, limejaa korosho, likatokeza kwenye kona likishuka.

Nikakanyaga breki. Zilishika, mwanangu. Fundi Hashimu alikuwa amezifunga mpya siku nne kabla, na zilishika kama alivyoahidi, tairi zote zikaganda. Lakini maji yakaja mbele, yakagonga, yakarudi, na nyuma ya gari ikatuacha ikaenda inakotaka. Tukaingia mtaro wa kulia, tukabingirika mara moja. Pipa moja likapasua kioo cha nyuma likaja kumkandamiza mama yako. Mimi nilichubuka paji la uso, basi. Lori la korosho lilipita bila kutugusa.

Watu wakaja, na dereva wa simenti akashuka mbio. Ananifahamu. Akaniuliza, "Imekuwaje, Kumi na Tatu?"

Nikasema, "Breki."

Sikuwa nimepanga. Lilitoka lenyewe. Lakini lilipotoka nikaona watu wananionea huruma badala ya kunitazama vibaya, na nikalishika hilo neno kwa mikono miwili. Mpaka tunafika hospitali lilikuwa limetangulia. Kesho yake stendi nzima inajua kwamba gari la Kumi na Tatu limefeli breki siku nne baada ya kutoka kwa Hashimu. Wiki iliyofuata nikasikia kwamba Hashimu alikuwa amelewa alipozifunga. Hashimu, ambaye hajawahi kuionja pombe, ambaye gereji yake ilifungwa kila adhuhuri ili akaswali. Mimi sikusema kwamba alilewa. Nilikaa tu kimya wakati wengine wanasema, nikaona kunyamaza si kusema.

Wateja wakamwishia mmoja mmoja. Yalibaki magari mawili matatu ya watu wasiosikia habari, halafu nayo hayakuja tena. Akafunga, akahamia Kitangari, na sasa anatengeneza baiskeli na pikipiki nje ya nyumba ya mkwewe.

Na wewe. Kuna siku, kabla hajahama, tulipishana naye sokoni, mimi na wewe. Nilikushika mkono nikakwambia, mwamkie babu. Ukakaza shingo. Mtoto niliyemfundisha shikamoo kabla hajajua kuomba maji akamtazama mtu mzima usoni na kusema, "Wewe ndiye uliyemvunja mama." Watu wakasikia. Mzee yule akasimama kidogo, akakujibu, "Marahaba, mwanangu," kana kwamba umemwamkia. Akaenda zake. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo. Ningefungua mdomo siku ile, yote yangekwisha siku ile.

Ndiyo maana uliposema unataka kusomea magari, watu wakakupongeza, mimi nikaenda chooni kujificha. Uliwaambia wageni hapa sebuleni kwamba utatengeneza breki ambazo hata fundi mlevi hawezi kuziharibu. Wakakupigia makofi. Mama yako hakupiga. Yeye alikuwa kiti cha mbele, Somoe. Alisikia injini, alisikia ninavyohesabu, alisikia breki zinavyolia. Miaka yote hii amenifichia, na sikumwomba ila mara moja, pale hospitali, akiwa amefungwa kamba na vyuma na hana nguvu ya kunikatalia. Hilo nalo liandike kwenye makosa yangu.

Juma lililopita alikuwa anakushonea lile gauni, gongo lake la kutembelea limeegemea ukutani. Akasema bila kunyanyua macho, "Baba Somoe, mtoto anakwenda kusomea uongo wako."

Nikasema, "Akishamaliza chuo nitamwambia."

"Utamwambia kabla ya basi. Usipomwambia nitamwambia mimi, na mimi sitakupamba."

Jana nilikwenda Kitangari. Nilikwambia naenda kuangalia mikorosho, huo nao ulikuwa uongo, na natumaini ndio wa mwisho. Nilimkuta ameinamia gurudumu la pikipiki. Nikamwambia shikamoo, akaitikia, akanisogezea kigoda. Nikasema yote, sikubakiza. Alikuwa anakaza spoku mpaka nikamaliza.

"Nilijua siku ileile," akasema. "Nilipanda mpaka pale nikatazama barabara. Alama za tairi zako zilikuwa nyeusi, ndefu, nne. Breki iliyokufa haiachi alama."

"Mbona hukusema, Fundi?"

"Ningemwambia nani? Fundi anatetea breki zake, nani anamsikiliza? Wa kusema ulikuwa wewe. Nimekusubiri."

Nikamwomba msamaha. Hakunipa. Alisema, "Hilo niachie, nina miaka minane ya kulifikiria, siwezi kulimaliza leo." Kisha akaniuliza habari zako. Nilipomwambia unakwenda kusomea nini, aliacha spoku. Akasema, "Mwambie basi. Asije akafika kule akamwambia mwalimu wake habari ya breki zangu."

Nimechoka, mwanangu. Si kuchoka kwa safari wala kwa shamba. Ni kuchoka kwa mtu ambaye kila akisikia gari linafunga breki barabarani anaangalia uso wa mke wake. Nilikuwa nadhani uongo ukikaa sana unazoeleka. Mimi sikuuzoea. Na uchovu huu haujanipa haki ya kukupa ushauri mwingi, nakupa huu mmoja. Kule chuoni watakupa namba nyingi: farasi, sekunde, kilo. Namba zile ni za kweli. Lakini kila ukipewa, uliza kama alivyoniuliza Fundi Hashimu: ndani alikuwa na nani, barabara ilikuwaje, gari lilikuwa limebeba nini. Na anayekupa namba akiwa ni baba yako, uliza mara mbili.

Kama ukiona chuo hiki ulikichagua kwa hasira isiyo na mwenyewe, ukitaka kubadili, badili, sitakulaumu. Kama utakwenda, nenda kwa sababu unapenda kazi, maana mama yako hakuvunjwa na fundi.

Kesho asubuhi tutakapokuwa stendi, kabla basi lako halijaondoka, nitawakusanya madereva wenzangu na kuwaambia nilichokuandikia hapa. Wengine watacheka, wengine hawatanisalimia tena, wote wana haki. Fundi Hashimu amesema atakuja na pikipiki ya mkwewe, hakuahidi kwamba atashuka. Utakaa ndani ya basi au utasimama pale, sikuchagulii. Nilitaka tu usilisikie mara ya kwanza mbele ya watu.

Wengine wangekupa barua kama hii mlangoni mwa basi, uisome ukiwa umeshafika mbali. Nami nilifikiria hivyo, kwa kweli nilifikiria sana. Lakini huko ungelia peke yako, na mimi ningekuwa nimekukimbia kama nilivyomkimbia Fundi. Kwa hiyo nitakupa mkononi ukirudi tu kutoka sokoni, jua likiwa bado lipo. Ukimaliza kuisoma, toka nje. Nitakuwa hapa barazani, siendi popote, sema lolote ulilo nalo. Sitajibu kitu mpaka umalize.

Baba yako